Mpapai Dume na Haki ya Jirani



Uani kwetu palikuwa na mipapai minne. Mitatu ilizaa vyema. Wa nne ulitoa vishada virefu vya maua meupe, wala hatukupata kuona tunda la maana juu yake. Tukauona ni mti wa hasara, tukautia shoka, na mahali pake tukapanda mchicha.

Baada ya miezi michache, mipapai iliyosalia ikaanza kupukutisha maua. Mapapai machache yaliyoshika yalikuwa madogo, hayana mbegu ndani. Bibi jirani wa upande wa pili wa ukuta naye akatueleza kuwa mpapai wake, ambao matunda yake aliwapasulia wajukuu wakati wa kufuturu, umekoma kuzaa. Alidhani ni ukame. Nasi tukaitikia kuwa ni ukame, maana hatukujua.

Sasa tumejua. Mipapai ni ya namna tatu. Upo mpapai dume, wenye maua madogo mengi yaning'iniayo kwenye vikonyo virefu. Upo mpapai jike, ambao maua yake ni makubwa, yameshikana na shina, na ndani ya kila ua mna kitu mfano wa papai changa. Na upo wa tatu ambao ua lake moja lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Huu hujitosheleza, na matunda yake huwa marefu. Mpapai jike hauna chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua. Lazima uletewe kutoka mti mwingine.

Mletaji mkubwa ni nondo, wale wanene warukao kwa kasi hata mtu akadhani ni ndege wadogo. Hutoka giza linapoanza kuingia, wakati wa Magharibi, wakanyonya ua hili na lile. Kwao ukuta si mpaka. Ndiyo sababu dume letu lilikuwa likihudumia mti wa jirani bila ya sisi kujua.

Basi tunawausia haya. Kwanza, mche wa mpapai hautambulikani kwa macho kuwa ni dume au jike mpaka uchanue, nako huchukua miezi mitano hadi minane. Kwa hiyo pandeni miche mitatu katika kila shimo, mngoje maua, kisha mpunguze. Madume yakizidi, yaondoeni, lakini bakizeni moja. Hilo hutosha majike kumi au zaidi. Pili, msinyunyize dawa ya wadudu juu ya maua, hasa jioni. Tatu, ikiwa dume halipo karibu, ombeni maua yake yaliyofunguka kwa mwenye nalo, ondoeni vijani vyake vyeupe, kisha pakeni ule unga taratibu katikati ya ua la jike lililofunguka. Ni kazi ya dakika chache, na watoto huifurahia.

Jambo hili si geni kwa wazee wetu. Wenye jamaa Oman wamesikia jinsi mkulima apandavyo juu ya mtende jike kila msimu, akatia vijiti vya maua ya dume ndani ya vishada vyake. Kazi hiyo ilifanywa Madina tangu zama za Mtume wetu (s.a.w.). Mtende dume hauzai tende, lakini hakuna mwenye shamba auitaye mti wa hasara.

Tulimwendea bibi jirani tukamwambia ukweli, kwamba haukuwa ukame bali ni shoka letu, tukamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wanangu, pandeni mwingine, nami nitausaidia maji."

Miche mitatu sasa imesimama kando ya ukuta. Bado haijachanua, na hatujui ni ipi itakayokuwa dume. Tunalolijua ni kwamba hatutakata tena mti uani mwetu kabla ya kumuuliza jirani, kwani huenda riziki yake imefungamana na mti tuuonao hauna faida.