Presha Haipimwi kwa Sikio

Nina ugomvi na mafundi wa magari wa mji wetu wa Songea, na nina ugomvi mkubwa zaidi na sisi tunaowapelekea magari. Chanzo chake ni chombo kidogo kinachoenea kiganjani: geji ya kupimia presha ya mafuta. Gereji nyingi hazina. Zilizo nayo huifungia kabatini kama sahani za wageni.

Ndugu msomaji, jambo lenyewe si gumu. Magari ya zamani yenye kabureta yalitosheka na presha ndogo, kama paundi 3 hadi 6 kwa inchi ya mraba. Magari ya petroli yaliyofuata, ambayo mafundi huyaita ya EFI, yana pampu ya umeme ndani ya tangi, na mengi yake huhitaji paundi 35 hadi 60, kadiri ya aina ya gari. Presha ikishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, gari linakosa nguvu, linamisi au linazima. Lakini dalili hizohizo huletwa pia na plagi iliyochoka, koili mbovu, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Washtakiwa ni wengi na ushahidi unafanana. Hakimu gani mwenye akili atahukumu bila kuita shahidi?

Tazama yaliyompata jirani yangu hapa Majengo. Ana gari dogo la abiria, na ada ya mwanawe hutoka humo. Gari lilianza kukata nguvu kwenye mlima wa Lukumburu, njia ya Njombe. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Bosi, hapa pampu imekufa." Pampu ikanunuliwa, gari halikupona. Zikafuata nozeli, kisha plagi zote nne, kisha koili. Mwezi ukapita gari likiwa juu ya mawe, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Fundi wa tatu ndiye aliyepima. Presha ilikuwa chini kweli, lakini hata umeme uliofika kwenye pampu ulikuwa chini, kwa sababu waya wa ethi ulikuwa umeshika kutu. Tiba ilikuwa kipande cha msasa. Pampu ya kwanza haikuwa na kosa lolote, na hadi leo jirani yangu hajui ilikwenda wapi.

Najua watakavyonijibu. Watasema fundi mzoefu husikia pampu ikinguruma. Ni kweli, lakini kunguruma si kusukuma. Pampu iliyochoka huimba vizuri tu. Watasema wao hufungua bomba wakaona petroli inaruka. Hiyo nayo si presha. Mafuta yanayotoka bila kizuizi huonyesha kwamba yapo, hayaonyeshi kama yana nguvu ya kutosha. Tena kurusha petroli hewani karibu na injini ya moto ni kuita msiba. Watasema geji ni ghali. Geji moja huhudumia magari mamia. Pampu iliyobadilishwa bure haimhudumii mtu.

Na kipimo chenyewe hujibu maswali zaidi ya moja. Injini ikiwa imepoa na presha ya zamani imepunguzwa, geji hufungwa kwenye njia ya mafuta. Swichi ikiwashwa bila kupiga stata, katika magari mengi pampu huzunguka kama sekunde 2 na mshale hupanda. Injini ikiunguruma, namba hulinganishwa na ya kitabu cha gari. Ikiwa chini, mtu aangalie filta, umeme wa pampu, kisha pampu yenyewe, kwa mpangilio huo. Injini ikizimwa na mshale ukaporomoka mara moja, kuna mahali panapovuja: huenda nozeli, huenda vali ndani ya pampu, huenda kidhibiti presha. Na namba ikiwa sawa wakati wote, hata gari likielemewa, basi pampu iachwe kwa amani, fundi akatafute kwingine. Ila geji hiyo isisogezwe kwenye dizeli za kisasa za komoni reli: humo presha hupita mara 1000 ya ile ya hewa, na mafuta yake yanaweza kutoboa ngozi.

Jambo hili tumeshalikubali kwingine. Zamani kila homa ilikuwa malaria na kila mgonjwa alimeza dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo hata zahanati ya kijijini hutoboa kidole kabla ya kuandika dawa. Daktari akikupa vidonge vya presha bila kukufunga kile kitambaa mkononi, utasimama uondoke. Kwa nini ukubali hayo gereji?

Hapa ndipo nawageukia wenye magari. Fundi akipima nusu saa akasema, "Pampu ni nzima, nipe hela ya kupima," tunamfokea: "Umefanya nini? Si umetazama tu?" Akibadilisha kifaa kizima kwa kifaa kingine, tunamlipa tukitabasamu, kwa kuwa tumeona kitu kimefungwa. Tunalipia mikono iliyochafuka, akili tunaitaka bure. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na naijua tabia hii: mzazi humsifu mwalimu anayemchapa mtoto asiyejua kusoma, na humwona mvivu yule anayekaa naye kwanza kutafuta kama haoni ubao au hasikii. Fundi anayebahatisha tumemlea wenyewe.

Kisingizio cha kukosa mafunzo nacho sikikubali. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake kipo hapahapa Songea. Kijana anayetoka huko akijua kupima, akafika gereji akakuta kupima hakulipwi, atajifunza kubahatisha kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo nataka mambo mawili. Gereji ziweke bei ya kupima, iandikwe ukutani, nasi tuilipe bila kununa hata kama hakuna kilichobadilishwa. Na kila risiti ya pampu iandikwe presha kabla na presha baada. Fundi akikuambia pampu imekufa, usiulize bei ya pampu kwanza. Muulize: geji imesoma ngapi? Akikosa namba, chukua ufunguo wako.