Bawabu wa sikio ni amplifaya, si kompyuta

Katika miji yetu wameongezeka watu wanaochuma riziki kwa masikio. Kuna wanaopokea simu za wateja tangu asubuhi hadi jioni, kuna vijana wanaosikiliza mahojiano yaliyorekodiwa ng'ambo na kuyaandika neno kwa neno, na kuna wanafunzi ambao mihadhara huwajia kupitia kompyuta. Baadhi yao, wakichoshwa na sauti hafifu ya kompyuta, wamenunua amplifaya ndogo, ile inayotoshea kiganjani na kukaa mezani kati ya kompyuta na hedifoni.

Kifaa hicho ni kizuri, lakini kimeleta swali ambalo wachache hulijibu ipasavyo. Sasa sauti ina vidhibiti viwili, kimoja kwenye kompyuta na kingine kwenye amplifaya. Ni kipi cha kupandisha na kipi cha kushusha? Wapenzi wa muziki hulijadili jambo hili kana kwamba ni la ladha tu. Mimi nashikilia kwamba ni suala la afya, na kwamba lina jibu: sauti ya kompyuta iwe juu, ya amplifaya iwe chini, na unapotaka kuongeza au kupunguza, mkono uende kwenye amplifaya.

Msomaji anayeishi mtaa wenye mgao wa maji atanielewa upesi. Maji yamekatika, mtu anafungua mfereji wa jikoni, hautoki kitu, naye anauacha wazi na kwenda kazini. Mchana maji yanarudi. Jioni anakuta zulia limelowa na jirani wa chini amesimama mlangoni. Vivyo hivyo, anayefungua amplifaya hadi mwisho na kudhibiti sauti kwa kompyuta ameuacha mfereji wazi akitumaini kwamba maji hayatarudi kwa kishindo.

Na kwenye kompyuta hurudi. Humo ndani sauti ina milango mingi: wa mfumo wenyewe, wa programu ya muziki, wa video unayoitazama, wa kengele ya ujumbe. Isitoshe, kompyuta nyingi hukumbuka kiwango tofauti kwa kila kifaa kilichochomekwa, hivi kwamba ukihamisha waya tu, kiwango ulichokizoea huenda usikikute tena. Ulikuwa ukimsikiliza mtu anayenong'ona, ghafla linaingia tangazo la biashara. Amplifaya haijui tofauti. Hukuza kila inachopewa na kukimwaga sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio, kabla mkono haujafika popote. Kitufe cha amplifaya ndicho kizuizi cha mwisho kabla ya sikio. Kikiwa chini, hata kompyuta ikipandwa na wazimu kuna mpaka ambao sauti haiwezi kuuvuka.

Sababu ya pili ni ukwaruzo. Kompyuta ikipeleka sauti dhaifu, amplifaya hulazimika kuikuza sana, na pamoja nayo hukuza mvumo wa umeme uliomo njiani. Msikilizaji akisikia "shhh" nyuma ya maneno hupandisha zaidi ili ayapate maneno. Hapo zamani kulikuwa na hoja nyingine: sauti iliyohifadhiwa kwa biti 16, kama ilivyo kwenye CD, hupoteza takriban biti moja kila unapoishusha kwa desibeli 6 ndani ya kompyuta. Vifaa vya leo vya biti 24 vimeipunguza hoja hiyo nguvu, nami siitilii mkazo. Ile ya mfereji wazi yatosha.

Sikio lenyewe halina vipuri. Ndani kabisa, katika kifuko kilichojipinda kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Zikifa, hazioti tena kwa binadamu. Aidha, hazifi kwa maumivu. Mtu huanza kwa kutosikia vizuri herufi kama "s" na "f", akawalaumu watu kwamba siku hizi wanazungumza ndani ya meno.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni lililotoa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, liliweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Taasisi ya NIOSH ya Marekani hupendekeza wafanyakazi wasizidi desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu. Piga hesabu mwenyewe: 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Amplifaya nyingi za mezani zaweza kuipita 100 kwa urahisi zikifungwa hedifoni za kawaida za omu 32. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane. Kwa maoni yangu huo ni mpaka mpana mno, na ulitungwa kwa kufikiria mashine za viwandani, si binti aliyevaa hedifoni akipokea simu.

Simu nyingi za kisasa humwonya mtumiaji kwamba amesikiliza kwa sauti ya juu muda mrefu. Ukipitisha sauti kwenye amplifaya ya pembeni, onyo hilo halina maana tena, maana simu au kompyuta haijui amplifaya imeongeza kiasi gani.

Sasa, nikisema kompyuta iwe juu sisemi upofu. Ikiwa amplifaya imeunganishwa kwa waya wa USB, asilimia 100 ni sawa. Ikiwa imechomekwa kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, sauti huenda ikapasuka ikifika kileleni. Ishushe kidogo mpaka isafike. Programu kama VLC huruhusu kupita asilimia 100, usipite. Amplifaya ikiwa na swichi ya nguvu, chagua nguvu ndogo. Tena kuna amplifaya ambazo kitufe kikisogea unywele tu sauti tayari ni kubwa, na huko chini upande mmoja husikika kuliko wa pili. Kwa hizo, na kama hazina swichi, shusha kompyuta mpaka kitufe kipate nafasi ya kuzunguka. Huko si kuvunja kanuni, kwani bado amplifaya haijaachwa wazi.

Kila asubuhi anza na kitufe kwenye sifuri, vaa hedifoni, pandisha polepole hadi maneno yaeleweke, kisha uweke alama hapo kwa rangi ya kucha. Saa kumi jioni tazama kitufe kiko wapi. Wengi watakuta kimepanda, si kwa sababu sauti ilipungua bali kwa sababu sikio limechoka au ofisi imejaa kelele. Dawa ya kelele ya ofisi ni hedifoni zinazofunika sikio barabara, na hizo mwajiri anapaswa kuzinunua yeye. Ni ajabu kwamba mwajiri huyo huyo hununua viti vya kulinda migongo bila kunung'unika.

Ukivua hedifoni ukasikia mlio kama wa nyenje, yape masikio mapumziko hadi kesho yake. Mlio usipokoma kwa siku mbili, mwone daktari wa masikio upimwe. Lakini sikio moja likiziba ghafla na kuacha kusikia, usingoje wala usitie mafuta ya moto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.