Houston na treni: tuache kuuliza kama inafaa, tuulize inapita wapi

Kuna swali moja ambalo ukilitupa mezani mbele ya watu wanaoishi Texas, chai itapoa kabla halijapata jibu. Mji kama Houston, ambako mtu huwasha gari kwenda kununua mkate, una haja gani na treni nyepesi? Wengine watakwambia ni ufujaji wa kodi. Wengine watakwambia bila treni mji hauna ustaarabu. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya swali lisilo sahihi. Nitajaribu kueleza kwa nini.

Nianze na wapinzani, maana hoja zao si za kipuuzi. Houston imetawanyika mno. Makazi yako huku, ofisi kule, maduka kwingine, na katikati ni barabara kuu na maegesho. Treni inahitaji watu wengi waliokusanyika karibu na kituo, kwa sababu hakuna atakayetembea nusu saa kwenye joto la Agosti la Houston kuifuata. Halafu reli ukishailaza haihami, wakati basi unaweza kulibadilishia njia kesho asubuhi. Wanaongeza kwamba Houston tayari ina mabasi ya haraka yanayowachukua watu wa pembezoni. Tangu mwaka 1979 mji huo ulianza kuyatengea njia zake kwenye barabara kuu: unaacha gari kwenye maegesho ya kitongoji chako, unapanda basi, unateremka mjini bila kukaa kwenye foleni. Kwa mtu anayetoka mbali, basi la namna hiyo linaipita treni inayosimama kila kituo. Hapo nawapa alama zao zote.

Lakini tuangalie kilichotokea. Tarehe 1 Januari 2004 Houston ilizindua njia yake ya kwanza, ile inayoitwa Red Line, yenye urefu wa kilomita 12 tu. Iligharimu dola milioni 324 zilizotoka mifukoni mwa wenyeji, kwa sababu mbunge Tom DeLay, kigogo wa Republican wakati huo, alikuwa amezuia fedha za serikali kuu. Mwanzo ulikuwa wa aibu. Madereva wasiozoea treni barabarani waliigonga makumi ya mara katika mwaka wa kwanza, na vichekesho vikawa vingi. Hata hivyo abiria walikuja. Kwa nini?

Jibu liko kwenye ramani. Njia ile inatoka katikati ya mji, inapita Midtown, majumba ya makumbusho na bustani ya Hermann, inaingia Texas Medical Center, kisha inafika uwanja wa michezo. Texas Medical Center ni mkusanyiko wa hospitali mkubwa kuliko wote duniani, na wafanyakazi wake wanazidi laki moja. Kuegesha gari pale ni kwa pesa na nafasi ni za kugombea. Muuguzi, mfagiaji, mwanafunzi wa udaktari na mgonjwa anayekwenda kliniki wote wanaelekea sehemu ile ile. Kwa hiyo ndani ya mji uliotawanyika kuna kamstari kamoja ambako watu hawakutawanyika hata kidogo, na treni ikapelekwa huko huko.

Sasa twende Dallas, mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Wenzetu wale wana shirika linaloitwa DART. (Wabongo msichanganye na DART yetu ya mwendokasi, ni majina tu yamegongana.) Dallas walianza Juni 1996, na leo wana kilomita zipatazo 150, mmoja wa mitandao mirefu zaidi ya treni nyepesi Marekani. Ukiutazama kwenye ramani utapiga makofi. Lakini sehemu kubwa ya njia hizo zilifuata tuta za reli za zamani za mizigo, kwa sababu ardhi ile ilipatikana kwa bei nafuu. Reli za mizigo hazikujengwa kupita mlangoni kwa watu. Matokeo yake vituo vingi vimezungukwa na maegesho, maghala na viwanja vitupu. Mwaka 2019, kabla ya korona, Houston ilibeba abiria zaidi ya mara mbili ya Dallas kwa kila kilomita ya reli.

Mji ni wa magari kote kuwili, jimbo ni moja, joto ni lile lile. Tofauti ni mahali treni ilipopitishwa. Ndiyo maana nasema swali la "treni inafaa au haifai mji wa magari" halina jibu. Inafaa Fannin Street, haifai kwenye tuta la nyasi lililo kilomita mbili kutoka nyumba ya karibu.

Nawageukia pia wale wanaosema barabara zipanuliwe tu. Houston ilishajaribu. Katy Freeway ilimalizika kupanuliwa mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.8, na kuna sehemu ukihesabu na barabara za pembeni unafika njia 26. Reli ya zamani iliyokuwa kando yake iling'olewa na nafasi yake ikaliwa na lami. Haikupita miaka mingi, foleni za jioni zikarudi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyesimama kusema barabara imeshindwa, tusijenge tena. Treni ikikosa abiria mwaka mmoja inaitwa hasara, barabara ikijaa inaitwa mafanikio. Kipimo gani hicho?

Kinachoniuma zaidi katika mjadala huu ni nani hasa anayelipa gharama ya ubishi. Mwaka 2003 wapiga kura wa Houston walipitisha kwa kura chache mpango uliokuwa na njia ya mashariki kwenda magharibi, University Line. Wakazi na wafanyabiashara wa Richmond Avenue wakapinga, mbunge John Culberson naye akapinga, ikalala. Mwaka 2019 wapiga kura wakakubali tena, safari hii yawe mabasi ya mwendokasi, kilomita 40 hivi. Mwaka 2024 uongozi mpya chini ya Meya John Whitmire ukaiweka kando. Miaka ishirini na ushee, kura mbili za wananchi, na hakuna hata kituo kimoja.

Njia ile ingepita jirani na Gulfton, mtaa wa maghorofa ya kupanga uliojaa wahamiaji. Upande ule wa kusini magharibi ndiko wanakoishi wengi waliofika Houston kama wakimbizi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili hiki hiki. Mtu aliyefika jana hana gari, hana leseni, na kazi aliyoipata iko upande wa pili wa mji. Kwake yeye habari ya treni au basi haina itikadi. Anataka kufika zamu yake ya saa kumi na mbili asubuhi.

Wapo watakaonitajia Silver Line, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2020 eneo la Galleria na kukosa abiria. Ni kweli yalikosa. Lakini kile kilikuwa kipande kilichojengwa kikisubiri kuungwa na University Line. Ukijenga nusu ya daraja usishangae watu hawavuki.

Msimamo wangu ni huu. Miji ya magari isijenge treni kila mahali ili ipendeze kwenye ramani. Ijenge fupi, pale watu walipojaa na maegesho ni ghali, na iruhusu nyumba nyingi kujengwa kando ya vituo. Houston ilianza vizuri ilipoondoa sharti la maegesho Midtown mwaka 2019. Kwingine kote iweke mabasi ya mara kwa mara, kama ilivyofanya Agosti 2015 ilipoupanga upya mtandao wake wote wa mabasi kwa usiku mmoja. Na wananchi wakishapiga kura, kura yao iheshimiwe. Hilo la mwisho halihitaji injinia.

Naomba kuwasilisha.