Siku Moja Ujiji

Wengi wetu tukiwa safarini twaiona siku ya kungojea gari kuwa siku iliyopotea. Twaketi juu ya mizigo, twasinzia, twagombeza watoto. Leo twapenda kuwasimulia jinsi sisi, jamaa ya watu sita kutoka Wamaza, tulivyoipitisha siku ya namna hiyo kati ya merikebu na gari la moshi, katika mji ambao wazee wetu waliujua kuliko tunavyoujua sisi.

Kwanza neno moja juu ya kuvuka. Kutoka Kalemie hata Kigoma ni kilomita 130 hivi juu ya maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake chafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolipita kwa kina. Basi si maji ya kuchezea. Mwezi wa Desemba 2014 merikebu Mutambala ilizama ikitoka Kalemie kwenda Uvira, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Mama wa watoto alikuwa akilikumbuka jambo hilo. Chombo cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kimeshiba magunia na watu, na maboya ya kujiokolea yalikuwa machache kuliko vichwa. Akakataa kupanda. Tukalala Kalemie usiku mmoja zaidi, tukatumia fedha isiyopangwa, na wapo miongoni mwetu walionung'unika. Kesho yake tukapata chombo kingine, kila mtoto akavikwa boya lake, tukavuka usiku kucha kwa amani.

Alfajiri tukaiona milima ya Kigoma. Pale forodhani yafaa kuwa na subira: hati za safari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kila kitu mkononi, si chini ya gunia la unga. Tena ikumbukwe kwamba saa za Kigoma zaenda mbele ya zile za Kalemie kwa saa moja. Jirani yetu wa merikebuni hakulijua hilo, akadhani ana nafasi ya kunywa chai.

Gari la moshi lilikuwa la jioni. Tulitazama stesheni kidogo, jumba kubwa lililojengwa na Wajerumani, maana reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914. Ya kwetu, kutoka Kabalo hata ziwani, ilimalizika mwaka 1915. Reli mbili zatazamana juu ya maji, na katikati watu na magunia yao. Kisha tukaweka mizigo mahali pa salama, tukapanda daladala kwenda Ujiji, mwendo mfupi tu.

Huko Ujiji tulianza na sokoni, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Mama muuzaji akatuambia ana ugali, migebuka na kisamvu. Binti yetu mdogo akauliza kisamvu ni kitu gani. Sahani ilipoletwa akapaza sauti, “Kumbe ni sombe!” Watu wote wakacheka, na yule mama akatuuliza, “Ninyi ni wa ng'ambo?” Tukasema ndiyo, ni wa Maniema. Akatuongezea samaki mmoja bila malipo, akisema kwamba mji huu umejaa Wamanyema, na kwamba hata bibi yake alikuwa mmoja wao.

Baada ya kula tukaenda penye ukumbusho wa Livingstone. Pana mnara wa mawe, pana miembe ambayo yasemekana imetokana na ule mwembe wa zamani, ambao chini yake Stanley alimkuta yule mzee Mwingereza mwaka 1871. Wageni wengi wakumbuka maneno machache ya salamu ya siku ile, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi tulikawia, kwa kuwa kwetu sehemu kubwa ya habari ile haikutukia Ujiji. Livingstone alikuwa ametoka kwetu.

Alifika mahali alipopaita Bambarre, ndipo Kabambare yetu, mwezi wa Septemba 1869. Huko aliugua vidonda vya miguu, akakaa miezi mingi asiweze kwenda. Karatasi zikamwishia, wino ukamwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mti wa kwetu. Maandishi yale yalififia kabisa, hata mwaka 2011 wataalamu wakayasoma upya kwa msaada wa mianga ya rangi mbalimbali. Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Na siku ya 15 Julai mwaka ule, siku ya soko, akaona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Wengi walikimbilia mtoni wakafa maji. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone akavunjika moyo, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa, hana kitu. Habari zake za Nyangwe zilipofika Ulaya ziliwachoma watu, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja akatia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa.

Kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitatu, alisikiliza yote kimya. Halafu akauliza, “Je, wale wenye bunduki walikuwa watu wa wapi? Na sisi, babu zetu walikuwa wale waliouawa, au wale waliopiga?”

Swali hili lilitukamata. Ingekuwa rahisi kumjibu kwamba sisi sote tu wana wa waliofungwa, na kwamba ubaya wote ulitoka pwani. Lakini mtoto aliyepewa jibu la nusu atalipata lile la pili kwa mtu mwingine, tena pengine kwa mtu wa kumcheka. Tulimwambia kwamba wakubwa wa misafara walitoka Unguja na pwani, kama Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeitawala Kasongo. Lakini bunduki nyingi zilishikwa na vijana wa bara, na baadaye na Wamanyema wenyewe, waliochukuliwa wadogo wakalelewa katika kazi ile. Katika nyumba moja ndugu mmoja aliweza kufungwa mnyororo, na mwingine kupewa baruti. Babu zetu sisi walikuwa upande gani, hakuna mzee wa nyumbani aliyetusimulia.

Alikuwako mzee mmoja ameketi barazani karibu na pale, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Alikuwa amesikia. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitika marahaba, akatukaribisha kivulini, akatuletea maji ya kunywa. Akasema, “Kijana, mimi nami niliuliza hivyo hivyo. Baba wa babu yangu alikuja hapa na pembe ya ndovu begani, kutoka Kabambare. Alipofika aliitua pembe, wala hakurudi.” Kijana akamwuliza kama alikuwa mtumwa. Mzee akafikiri. “Alipokuja, labda. Alipokufa alikuwa na shamba, na mitumbwi miwili, na watu waliomwogopa.”

Tukashuka naye polepole hata ziwani. Watoto wakatia miguu majini, nasi tukawaonyesha upande wa magharibi iliko Kalemie. Pale ndipo mto Lukuga utokapo ziwani, ukaingia Lualaba, na Lualaba ikapita jirani na Kasongo na kwenda Nyangwe. Livingstone aliidhani kuwa huenda ni Naili. Stanley ndiye aliyeifuata kutoka Nyangwe mwaka 1876 hata akafika Boma, karibu na bahari, mwezi wa Agosti 1877. Kijana akasema, “Basi maji haya yaenda kwetu.” Ndiyo, ingawa yana safari ndefu kuliko yetu.

Mzee akatuambia kwamba lugha ya nyumbani imekufa katika jamaa yake. Alichobakiwa nacho ni hesabu tu, aliyofundishwa na babu yake alipokuwa mtoto. Akahesabu kwa vidole, moja hata tano, kwa Kibangubangu, kisha akasimama. Zaidi ya hapo hakujua. Binti yetu mdogo akamshika mkono wa pili, akaendelea naye kutoka sita hata kumi. Mzee akamwomba arudie. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu mzee akazisema zote peke yake.

Saa kumi na moja tukamwaga, tukanunua dagaa wakavu kilo mbili za njiani, tukarudi stesheni.