Umemlipa Fundi?

Mwezi huu nina jambo la aibu kidogo la kukusimulia. Kwenye baraza yetu kuna taa ya chuma ambayo kila mgeni akifika lazima aisifie. Mashosti zangu wameshaipiga picha mpaka basi, na mimi hujibu kwa maringo, "Tumetengenezewa bwana, siyo ya dukani!" Nisichowaambia ni kwamba mpaka juzi juzi hapa, nusu ya taa hiyo haikuwa yetu.

Aliyeitengeneza ni fundi mmoja wa Gerezani, hapa Dar es Salaam. Tulimpelekea picha ya taa zilizo kwenye pembe za Palazzo Strozzi, jumba la mjini Florence, Italia, ambalo tajiri Filippo Strozzi alianza kulijenga mwaka 1489. Ni taa za chuma zenye nguzo ndogo ndogo na miiba mirefu iliyochomoza juu. Mhunzi wake aliitwa Niccolò Grosso, na enzi zake hakukuwa na mashine ya kuchomelea. Chuma kiliwekwa kwenye makaa mpaka kikaiva, kikapigwa nyundo juu ya fuawe, kikipoa kinarudishwa motoni. Ni jasho tupu.

Tulilipa nusu. Taa ikaja, ikafungwa, ikawaka. Iliyobaki, shilingi 85,000, tukasema tutatuma mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ikapita. Katikati hapo tulichangia harusi mbili na kwenda Bagamoyo wikiendi. Fundi akipiga simu, mume wangu ananiangalia, mimi namwangalia yeye, simu inaita mpaka inakata.

Siku moja nikawa nasoma habari za yule mhunzi wa Florence, nikitafuta stori za kuwatambia wageni. Kumbe mwenzetu alikuwa na jina la utani, Il Caparra, yaani bwana Arubuni, Mzee wa Advansi! Mwandishi Giorgio Vasari, wa karne ya 16, anasimulia kwamba jina hilo alipewa na Lorenzo de' Medici, mkubwa wa mji, kwa sababu bila kutanguliziwa pesa hagusi nyundo. Lorenzo mwenyewe alikwenda karakana kuagiza kazi, akamkuta anafua vitu vya watu maskini waliokwisha lipa kianzio. Grosso akakataa kumpa nafasi ya mbele. Hao walitangulia, na pesa yao kwake ilikuwa na thamani sawa na ya Lorenzo.

Kwenye kibao cha karakana yake alichora vitabu vinavyoungua moto. Mtu akiomba kukopeshwa, anaambiwa haiwezekani, daftari la madeni linateketea, hakuna pa kuandika jina lake.

Lakini kilichonichoma ni kisa cha wakubwa wa chama kimoja cha mji huo. Waliagiza vyuma viwili vya kushikilia kuni kwenye meko, wakalipa nusu, kisha wakawa wanatuma mtu kudai mzigo. Grosso akampa mjumbe chuma kimoja tu. Hicho ni chao, cha pili ni changu mpaka pesa ifike. Walipoona uzuri wa kile kimoja, wakatuma zilizobaki.

Nikainua macho kuitazama taa yetu. Fundi wetu angefanya vile, tungekuwa tunajivunia nusu ya taa.

Usiku ule tukaongea, na haikuwa raha. Mume wangu alidhani nimeshalipa kimya kimya, mimi nilidhani yeye, kumbe wote tulikuwa tunajua ukweli. Deni la mtu mmoja lina mwenyewe. La watu wawili kila mtu analisukumia kwa mwenzie, na anayeumia ni wa tatu, ambaye hana hata sauti ya kufoka kwa kuogopa kupoteza wateja.

Jumamosi tukaenda Gerezani pamoja. Fundi hakutununia. Alifungua daftari lake, majina yetu yakiwa pale, mstari wa tano kutoka juu. Akahesabu pesa, akachukua rula, akatufuta. "Asante dada, asante kaka. Nilishaacha kupiga simu, niliona nawasumbua." Afadhali angetutukana.

Siku hizi tuna utaratibu. Mshahara ukitoka, kabla ya mtoko wowote, tunaulizana: fundi, dada wa kazi, mama wa mboga, nani anatudai? Na tumekubaliana nani atalipa, kwa jina.

Na wewe msomaji wangu, wewe na mwenzio mmeandikwa kwenye daftari la nani? Kaulizaneni leo. Tukutane mwezi ujao.