Kucheza kando ya fundi: Pro-Am ya Nairobi ina somo gani kwa vijana wa Nyalukemba?

Kila mwaka mjini Nairobi, siku ya Jumatano kabla ya mashindano ya gofu ya Kenya Open kuanza, uwanja hufunguliwa kwa watu ambao gofu si kazi yao. Mfanyabiashara, mkurugenzi wa benki au daktari anashika fimbo na kuzunguka mashimo 18 akiwa timu moja na mchezaji wa kulipwa. Kesho yake, Alhamisi, mchezaji huyo huyo anaanza kutafuta mkate wake. Mwaka wa 2019, Kenya Open ilipopandishwa na kuingia katika daraja la juu la mashindano ya Ulaya, zawadi yote ilikuwa euro milioni 1.1. Mwaka wa 2025 ilikuwa imefika dola milioni 2.5.

Siku hiyo ya Jumatano inaitwa Pro-Am: wachezaji wa kulipwa pamoja na wachezaji wa ridhaa, yaani wale wanaocheza kwa kupenda tu. Mara nyingi mchezaji mmoja wa kulipwa anapewa watatu wa ridhaa.

Kwa mkaaji wa Nyalukemba, hapa katika komini ya Ibanda, habari hii inaweza kuonekana ya mbali sana. Bukavu si mji wa gofu. Milima yetu imejaa nyumba hadi kwenye makorongo, na uwanja wa gofu wa mashimo 18 unahitaji makumi ya hekta. Katika Congo yetu, wanaotaka kucheza gofu hutazama Kinshasa au Lubumbashi. Ukivuka Ruzizi, kuna Kigali, penye uwanja wa mashimo 18 uliochorwa na kampuni ya Gary Player, bingwa wa zamani wa Afrika Kusini.

Hata hivyo, Pro-Am inaleta maswali mawili ambayo yanatuhusu. Mtu wa kawaida anajifunza nini akikaa siku nzima kando ya fundi? Na nani hupewa nafasi ya kukaa hapo?

Mchezo unaoruhusu wasiolingana kucheza pamoja

Gofu ina jambo ambalo mpira wa miguu hauna. Ukimweka kijana wa timu ya avenyu dhidi ya mchezaji wa Linafoot, hakuna hesabu ya kuwasawazisha. Katika gofu hesabu hiyo ipo, nayo inaitwa handikapu. Mchezaji mwenye handikapu ya 18 anapunguziwa, kwa kukadiria, mpigo mmoja kwa kila shimo. Akimaliza shimo kwa mipigo mitano, anahesabiwa minne. Tangu mwaka wa 2020 dunia nzima inafuata mfumo mmoja wa handikapu, na kiwango cha juu kabisa ni 54. Hivyo hata anayeanza anaweza kuiletea timu yake alama siku hiyo.

Kuna pia sheria ya ushauri. Katika mashindano ya kawaida, mchezaji haruhusiwi kumwuliza mpinzani wake atumie fimbo gani au apige namna gani. Akiuliza anaongezewa mipigo miwili ya adhabu. Mtu pekee wa kumshauri ni yule anayembebea mfuko wa fimbo, au mshirika wake kama wanacheza wawili wawili. Katika Pro-Am, kwa kuwa wote ni timu moja, mara nyingi mlango huo unafunguka. Kwa saa nne au tano, mchezaji wa ridhaa anaweza kumwuliza fundi: "Hapa ungefanya nini?" Nafasi hiyo haipatikani katika mashindano mengine.

Jambo la kwanza: fundi hakwepi makosa, anayachagua

Wengi wanaoingia Pro-Am wanataka kuona mpira ukiruka mita 280. Wanauona kweli. Lakini anayetazama vizuri anagundua kwamba fundi halengi bendera kila mara. Kama bendera imewekwa kushoto karibu na maji, yeye analenga katikati ya majani mafupi. Anajua kwamba hata mkono wake unakosea. Anachotaka ni kwamba akikosea, mpira uanguke mahali ambapo bado anaweza kuupiga.

Mchezaji wa ridhaa hufanya kinyume. Analenga bendera ileile, kwa mkono usio na uhakika, juu ya maji yaleyale. Mpira ukizama, analaumu fimbo. Hapa somo ni la akili, na mtu anaweza kulitumia siku hiyohiyo bila kubadilisha chochote katika mwili wake.

Jambo la pili: tofauti haiko pale tunapodhani

Kwa miaka mingi wapenzi wa gofu waliamini kwamba mabingwa wanashinda kwa ile mipigo midogo ya mwisho, wakati mpira unasukumwa polepole kuelekea shimo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichambua hesabu za mipigo mingi sana ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, na mwaka wa 2014 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Alikuta kwamba karibu theluthi mbili za tofauti kati ya mabingwa na wengine zinatoka kwenye mipigo mirefu, ile inayopigwa mbali kuliko mita 90 hivi kutoka shimoni. Theluthi moja tu inatoka kwenye mipigo mifupi na ya kusukuma.

Hesabu zake zinafariji pia. Mpira ukiwa mita mbili na nusu hivi kutoka shimoni, mchezaji wa kulipwa wa Marekani anauingiza mara moja kati ya mara mbili. Ukiwa mita sita, anauingiza kama mara 15 kwa 100. Kwa hiyo mchezaji wa ridhaa anayekasirika kwa kukosa kutoka mita tatu anajidai jambo ambalo hata fundi halifanyi kila siku. Kumwona bingwa akikosa, kisha akatembea kwenda shimo linalofuata bila kurusha fimbo, ni somo kubwa kuliko kumwona akifaulu.

Jambo la tatu: mwendo na heshima

Mabingwa wana utaratibu mmoja kabla ya kila mpigo. Wanasimama nyuma ya mpira, wanachagua mahali pa kulenga, wanajaribu mkono mara moja au mbili, wanapiga. Sheria za gofu zinashauri mpigo uchukue sekunde 40 au chini yake, na tangu 2019 mpira uliopotea unatafutwa kwa dakika tatu tu badala ya tano za zamani. Mchezaji wa ridhaa anapomfuata fundi, anajifunza kuwa tayari zamu yake inapofika. Anajifunza pia kusawazisha mchanga aliokanyaga na kurudisha kipande cha majani alichong'oa. Anayekuja nyuma akute uwanja kama yeye alivyoukuta.

Kile ambacho siku moja haiwezi kutoa

Pro-Am ina mipaka yake. Namna ya kuzungusha mwili ambayo bingwa ameijenga kwa miaka 20 haiwezi kuhamia kwa mtu mwingine kati ya asubuhi na saa nane za mchana. Anayejaribu kuiiga hapohapo kwa kawaida anaharibu hata kile kidogo alichokuwa nacho. Na siyo kila bingwa ni mwalimu. Wengine siku hiyo wanafikiria mashindano ya kesho, wanapima upepo na majani kwa faida yao wenyewe.

Tusisahau pia kwamba Pro-Am ni biashara. Nafasi nyingi zinakwenda kwa wadhamini na wageni wao, kwa sababu ndio wanaosaidia kulipia mashindano. Anayekaa kando ya bingwa siku ya Jumatano ni, mara nyingi, mtu ambaye tayari ana gari, ofisi na uanachama wa klabu. Anarudi nyumbani na picha pamoja na mipigo miwili pungufu. Maisha yake hayabadiliki.

Aliyefaidika zaidi ni mbeba mfuko

Lakini katika kila kundi la Pro-Am kuna watu wengine ambao hawaonekani sana kwenye picha: vijana wanaobeba mifuko ya fimbo. Hao hawakai kando ya fundi siku moja tu. Ni kazi yao ya kila juma. Wanasikia anavyohesabu upepo, wanaona anavyochagua fimbo, wanajua anapokosea na kwa nini. Nao wanalipwa kwa kuwa pale, hata kama ni pesa kidogo.

Historia inaonyesha matokeo. Aliyeshinda Kenya Open mwaka wa 1978 ni Seve Ballesteros wa Hispania. Alizaliwa katika kijiji cha Pedreña, kando ya uwanja wa gofu wa watu wenye uwezo. Alibeba mifuko yao. Kaka yake alimpa fimbo moja tu, naye akajifunza kupiga kila aina ya mpigo kwa fimbo hiyohiyo, kwenye mchanga wa ufuo wa bahari. Mjomba wake alikuwa mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo mtoto alikuwa na fundi wa kumtazama nyumbani. Baadaye alishinda mataji makubwa matano ya dunia. Ángel Cabrera wa Argentina naye alianza kubeba mifuko akiwa mtoto huko Córdoba. Alishinda US Open mwaka wa 2007 na Masters mwaka wa 2009.

Afrika Mashariki inafuata njia hiyohiyo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza na mfuko begani. Mjini Nairobi, klabu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, inapakana na Kibera. Ukuta ni mmoja: upande huu nyumba za mabati, upande ule majani yaliyokatwa. Kijana wa Kibera anayevuka ukuta huo kwenda kubeba mfuko anaingia katika chuo ambacho wazazi wake wasingeweza kukilipia.

Kwa hiyo ukiuliza nani anajifunza zaidi kutoka kwa fundi, jibu la gofu liko wazi. Anayerudi kila siku anajifunza kuliko aliyelipia siku moja.

Bukavu inaweza kuchukua nini?

Tangu mji wetu ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili mwaka wa 2025, vijana wa Bukavu wanaishi katika hali ya kubanwa. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, kazi zikapungua. Katika hali hiyo ni rahisi kusema michezo ingoje. Lakini kijana asiye na kazi wala chuo wala uwanja hangoji. Anaitwa na wengine, na siyo wote wanaomwita wana nia njema.

Hatuhitaji uwanja wa gofu ili kutumia somo la Pro-Am. Mji huu umetoa wachezaji wa mpira waliopita OC Muungano na OC Bukavu Dawa na kufika mbali. Baadhi yao wako hapa, wamestaafu. Wengine hurudi kutembelea familia. Tumezoea kuwaita kwenye ufunguzi wa mashindano ya kata. Wanapiga mpira wa kwanza, wanagawa jezi, wanatoa hotuba, wanapanda gari. Hiyo ni picha bila somo.

Wazo la Pro-Am ni tofauti: mwingize ndani ya timu. Acha acheze dakika 90 katikati ya vijana wa Nyalukemba, upande wao, akiwaambia wakati mpira unatembea kwa nini amesimama hapa na siyo pale. Akikosa pasi, waone anavyoinua kichwa. Baada ya mechi, wachague vijana wawili wa kumfuata kwa miezi mitatu: kubeba mipira, kupanga mazoezi, kuandika alama. Ndio watakaokuwa wabeba mfuko wetu. Gharama yake ni nauli ya pikipiki na chakula cha mchana.

Njia hiyo inafaa hata nje ya michezo. Fundi wa umeme, mshonaji, fundi seremala, wote wana wanafunzi wanaofagia karakana mwaka mzima bila kuelezwa kitu. Mwanafunzi yuko karibu na fundi, lakini mlango wa ushauri umefungwa, kama katika mashindano ya kawaida ya gofu. Inatosha fundi akubali, angalau siku moja kwa juma, kufanya kazi kama mwenzake wa timu na kujibu swali lile dogo: "Hapa ungefanya nini?"

Viongozi wa ligi za michezo, mashirika ya vijana na wazazi wa Ibanda wanaweza kuanza na jambo moja. Mara nyingine bingwa wa zamani atakapofika mjini, wasimpe kiti cha mbele kivulini. Wampe jezi namba nane na nafasi katikati ya uwanja.