Baa ya reli, meza ya wawili

Hebu nikuulize: mara ya mwisho kukaa baa na mwenzi wako, ninyi wawili tu, bila washkaji wala mashoga, ilikuwa lini? Kama unakuna kichwa, twende wote Tabora.

Karibu na stesheni ya treni kuna hoteli ya zamani ya reli, siku hizi inaitwa Orion Tabora. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1912, na wenyeji husimulia kwamba nyumba hiyo ilijengwa 1914 na bwana mkubwa wa Kijerumani aliyependa kuwinda. Kama ni hivyo, hakuifaidi sana. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji, kisha Waingereza wakaitawala Tanganyika. Na Mwingereza, si unamjua? Popote alipokwenda alibeba na pub yake.

Neno pub limetokana na public house, yaani nyumba ya watu wote. Lakini watu wote gani? Enzi za ukoloni mahoteli mengi ya Tanganyika yalimtambua Mwafrika akiwa mpishi au mhudumu. Mnyamwezi ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu kwa miguu toka Tabora hadi Bagamoyo angeweza kubeba trei tu. Kuvuta kiti akaagiza, thubutu!

Huko kwao Uingereza nako mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. El Vino, baa maarufu ya Fleet Street jijini London, iliwakatalia wanawake huduma pale kaunta. Eti wakakae chumba cha nyuma, wataletewa. Mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoamua mwaka 1982 kwamba huo ni ubaguzi. 1982, jamani!

Usicheke, na sisi tulikuwa na yetu. Richard Burton, aliyefika Tabora na msafara Novemba 1857, wakati huo ikiitwa Kazeh, aliandika kuhusu iwanza, nyumba za baraza katika vijiji vya Wanyamwezi. Kwa kawaida zilikuwa mbili: ya wanaume upande mmoja, ya wanawake upande wa pili. Wanaume walishinda kwao wakivuta tumbaku na kupiga soga. Wanawake nao walikuwa na kwao, na mgeni haruhusiwi kuingia.

Angalau zilikuwa mbili! Leo iwanza ya baba iko kila kona, ina TV kubwa na nyama choma. Ya mama iko wapi?

Nilipokwenda Tabora na mume wangu tulikaa jioni moja pale kwenye hoteli ya reli, yeye na Safari yake ya baridi, mimi na soda. Mama mmoja tuliyesafiri naye kwenye treni akapita, akaninong'oneza, "Mwanangu, na wewe unakaa baa?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Nimekaa na mume wangu." Akatutazama, akacheka, akasema wa kwake hajawahi kumwambia hata baa anayokunywa inaitwaje. Miaka thelathini ya ndoa.

Jibu lile limenikaa moyoni. Wapo akina kaka wengi wanaojua matatizo ya kazini ya kila mshkaji wao, ila hawajui bosi wa mke wao anaitwa nani. Stori zote tamu zinaishia kaunta. Nyumbani anafika na uchovu na swali moja: chakula kiko wapi? Na akina dada nasi tunachangia, maana tumekubali kwamba mwanamke anayeheshimika hakai pale, kisha tunalalamika kwamba hatuambiwi kitu.

Basi fanyeni hivi. Mara moja kwa mwezi tafuteni nyumba ya zamani mjini kwenu, yenye baraza na viti vya kutulia. Kubalianeni bajeti kabla hamjatoka. Simu ziwekwe mfukoni. Asiyekunywa anywe soda yake kwa raha zake, na aliyekunywa asiguse usukani. Mada ya ada za watoto na kodi ya nyumba iacheni kwa usiku huo.

Nyumba ile ya Tabora imebadili mabwana mara nyingi mpaka wewe na mimi tukaweza kuvuta kiti pale. Sasa kiti kipo, usikae peke yako. Tukutane mwezi ujao!